Matone Kumi na Tisa

Maksai ndio waliojua kabla yetu kwamba baba ni mgonjwa. Alikuwa mwendeshaji wa maksai kumi na sita katika shamba la Kaburu mmoja kando ya barabara ya Moiben, mwendo wa karibu nusu siku kwa miguu kutoka Sisibo, kama wazee wetu walivyouita mji wa Eldoret. Sauti yake ilikuwa ikisikika kutoka upande mmoja wa shamba la ngano hadi upande wa pili. Aliwaita kila mmoja kwa jina lake na hakuwachapa sana. Halafu ukaja msimu wa kulima ambapo aliita na maksai hawakuenda. Walisimama na nira shingoni, wakigeuza masikio huku na huku. Hawakuwa wakaidi. Sauti ya baba ilikuwa imeshuka kifuani na wao hawakuwa wakiisikia.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi, binti yake mkubwa, nilikuwa nimemaliza masomo ya misheni na nilifundisha watoto wadogo katika shule ya udongo kwenye shamba lingine, nikirudi nyumbani Ijumaa. Ijumaa moja nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinasugua kidole cha pili, polepole, bila kukoma, kama mtu anayesokota tumbaku. Nikampa kikombe cha chai. Alipokinyooshea mkono, kidole kikatulia. Alipokiweka kikombe chini, kikaanza tena.

"Mwambie baba yako aache kuchezesha mkono," mama akaniambia tukiwa jikoni. "Nikimwambia mimi ananiangalia tu, kama mtu aliyekasirika."

Hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa umeacha kumtii, kama ulivyoacha mkono. Alicheka moyoni na hakuna aliyeona. Ndugu zangu wawili wadogo walianza kumwogopa. Na kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mikono yake, miguu yake ilikwama. Alisimama pale kizingitini akitikisika, mwili umeinama mbele, miguu imegandamana na ardhi, mpaka mama amguse mgongoni.

Nyapara wa shamba alisema ni pombe. Baba alikuwa ameacha pombe tangu abatizwe. Majirani walisema mambo mengine, kwa sauti ndogo, kuhusu kiapo cha zamani na ng'ombe wa mtu. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumuuliza kwa upole kama kuna jambo angependa kuungama. Baba alifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu kila jambo lilimchukua muda mrefu, kisha akasema, "Kama lipo, basi hata mimi nimelisahau."

Nilimpeleka hospitali ya Waafrika mjini tukiwa tumepanda gari la maziwa. Daktari, Mzungu mwembamba mwenye macho ya kuchoka, alimwambia atembee hadi ukutani na kurudi. Akamshika kifundo cha mkono, akaukunja na kuukunjua. Akaandika. Kisha akaniambia kwa Kiingereza kwamba ugonjwa huu uko kichwani, kwamba Wazungu nao wanaupata, na kwamba hana dawa ya kuuponya. Dawa aliyonayo ni ya kuutuliza tu.

Aliyetueleza vizuri ni dresa, msaidizi wa daktari, mtu wa upande wa Kakamega, mnene, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Aliweka mezani chupa ndogo ya kahawia na kijiti cha kioo chenye mpira juu.

"Mwalimu, unajua kusoma, kwa hivyo nitasema na wewe," aliniambia. "Dawa hii inatoka kwa mmea wenye sumu. Ikiwa kidogo inamsaidia mzee. Ikizidi inamwondolea akili, na ikizidi zaidi inamwondoa yeye mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi nihesabie."

Alinisimamisha pale, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja, nikaangusha matone kwenye glasi ya maji huku yeye akitazama. Nilikosea mara mbili, akamwaga maji na kuniambia nianze tena. Tungeanza na matone matatu, asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya pili matano. Wiki ya tatu manane, na hapo tusimame.

"Mdomo utakauka, hiyo ni kawaida. Macho hayataona vizuri vitu vya karibu, hiyo pia ni kawaida. Lakini ukiona ngozi imekuwa moto na kavu, mboni za macho zimefunguka zote, na anashikashika hewa kama anayekamata nzi, simamisha dawa na umlete siku hiyo hiyo. Usingoje kesho."

Kwa kuwa mimi sikuwa nyumbani siku za kazi, nilimfundisha mama. Hakujua kusoma, lakini hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Aliweka punje nane za mahindi kwenye bakuli, na kila tone lilipoanguka alitoa punje moja na kuiweka mezani. Bakuli likibaki tupu, dawa imetosha. Siku nilizokuwa nyumbani, nilihesabu mimi.

Na dawa ikafanya kazi. Ningependa kusema hivyo waziwazi, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri ilikuwa dawa mbaya. Kufikia wiki ya nne mkono ulitulia kiasi cha kushika kibuyu bila kumwaga maziwa. Mate yaliyokuwa yakimchuruzika na kumtia aibu kanisani yakakoma. Aliweza kugeuka kitandani bila kumwamsha mama. Hakuweza kusoma kitabu cha nyimbo tena, maandishi yalimezwa na ukungu, na alitembea na chupa ya maji kwa sababu ya kiu. Alisema hayo ni madogo. Lakini mlango ulibaki mlango. Pale dawa haikufika. Na kuendesha maksai hakukuwezekana tena. Nyapara alimweka kwenye zizi la kukamua, na hapo mikono yake, kwa kuwa ilikuwa na kazi ya kurudiarudia, ilifanya kama ya zamani.

Kisha ikaja habari ya kuandikisha.

Sisi tulikuwa maskwota. Baba alifanya kazi kwa Kaburu siku zilizoandikwa kwenye karatasi, na kwa karatasi hiyo tuliruhusiwa kujenga, kulima kipande chetu cha mahindi na kuchunga ng'ombe wetu wachache. Muda wa karatasi ulikuwa karibu kuisha. Afisa wa kazi angekuja shambani siku ya Alhamisi, na kila mwanaume angesimama mbele yake, aulizwe kama anakubali, na kuweka dole gumba kwenye wino. Asiyeandikwa angeondoka na watu wake na mifugo yake kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye rizavu, ardhi tuliyotengewa Waafrika chini bondeni, ndugu zetu walikuwa wamebanana, na hapakuwa na nyasi za ng'ombe hata mmoja zaidi. Mahindi ya mama yalikuwa yameanza kutoa ndevu.

Jumatatu ya wiki hiyo Kaburu alipita zizini na kumwona baba amekwama kwenye lango, ndoo mkononi. Alisimama akamtazama. Mama alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Kaburu alisema kwa Kiswahili chake, "Wewe mzee, mimi hapana weka mutu ya kutetemeka. Hii shamba si hospitali. Alhamisi mimi naangalia wewe vizuri."

Nilipata ruhusa shuleni nikafika nyumbani Jumatano alasiri. Baba alikuwa ameketi upande wa jua, kofia magotini.

"Kesho utanipa kumi na tano," alisema, hata kabla hatujamaliza kusalimiana.

"Nane, Baba."

"Manane yananifikisha mlangoni. Je, yananivusha?"

"Dresa alisema nane."

"Dresa haandikishi kesho." Sauti ilikuwa ndogo, ilinibidi niiname kuisikia. "Nataka kutembea kutoka kwenye mstari hadi kwenye meza. Hatua kama ishirini. Niweke dole, nirudi. Baada ya hapo unaweza kumwaga hiyo chupa."

"Na ukianguka pale mbele yao?"

"Nikisimama kama mti mbele yao, itakuwa afadhali?"

Aliniangalia kwa uso ule usiosogea, na sikujua kama ananisihi au ananiamrisha. Niliichukua chupa nikaenda nayo jikoni, nikaiweka kwenye kikapu chenye nguo zangu. Sikumwambia mama tulichozungumza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nimelibeba muda mrefu kuliko la pili. Mama alikiona kikapu, akaona chupa ndani yake, akadhani nimeiweka hapo ili watoto wasiiguse.

Alhamisi niliamka jua likiwa limeshatoka. Mama alikuwa ameenda zizini kukamua kwa zamu yake na ya baba pia, ili baba apate kupumzika. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisa. Nilitia maji kwenye kikombe. Nikahesabu nane. Nikasimama na kijiti hewani. Nilisikia nyapara akipiga chuma kule stoo, akiita watu. Baba alikuwa ananitazama na hakusema neno.

Nikaongeza matatu. Kumi na moja. Nilijiambia kwamba si kumi na tano.

Alikunywa yote, akafuta mdomo, na tukaanza kutembea.

Meza ilikuwa imewekwa mbele ya stoo ya ngano. Afisa, Mwingereza mwenye kaptura na soksi ndefu, alikaa na karani wake. Kaburu alisimama pembeni, mikono nyuma. Wanaume walikuwa kwenye mstari, kama thelathini hivi, na sisi wanawake tulisimama chini ya miti ya siprasi. Mama alikuja kutoka zizini akasimama nyuma ya wengine, mbali na mimi, aproni yake ikiwa na maziwa.

Mstari ulisogea polepole. Nilimwona baba akilamba midomo, na akilamba tena. Nikasema moyoni, hiyo ni kawaida. Mkono wake wa kulia ulining'inia umetulia kabisa. Sikuwa nimeuona ukitulia hivyo kwa miaka miwili. Jina lake liliposomwa, alitoka kwenye mstari na kutembea. Alitembea kama mtu. Miguu ilinyanyuka, mikono ilipunga. Mwanamke aliyekuwa karibu nami aliguna kwa mshangao. Kaburu aliinua kichwa.

Afisa akauliza, "Unakubali kazi hii?"

Baba alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Ulimi ulikuwa umekauka kama ngozi iliyoanikwa. Akaitikia kwa kichwa. Karani akamshika mkono, akamwekea dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Alama ya dole ikatoka vizuri.

Angegeuka hapo na kurudi, kisa kingeishia hapo. Hakugeuka. Alibaki akitazama nyuma ya afisa, ukutani mwa stoo. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaanza kuchambua hewa kwa vidole, kwa uangalifu, kama anayetoa uzi kwenye nguo.

"Toka hapo," alimwambia afisa, na sauti ilitoka nene na ya kukwaruza. "Unakalia nira."

Karani aliacha kuandika.

"Toka, atakukanyaga!" Akaanza kuita majina. Niliyajua majina hayo. Yalikuwa ya maksai waliokufa kwa tauni ya ng'ombe nikiwa mtoto. Aliwaita mmoja mmoja, akaizunguka meza, akaushika ukuta wa stoo kama anayeshika ubavu wa mnyama.

"Yeye nalewa!" Kaburu alipiga kelele. "Asubuhi hii nalewa!" Nyapara alimrukia baba akamshika mabegani, na baba, ambaye hakuwahi kumpiga mtu, akampiga kiwiko cha mdomo. Wanaume wawili wakamshika. Nyapara akachukua fimbo yake.

Nilijua la kufanya na miguu yangu haikutaka. Nikisema ni dawa, nimesema ni mgonjwa, na karatasi imekwisha. Nikinyamaza, watampiga kama mlevi na kumfungia stoo, na dresa alikuwa amesema usingoje kesho. Nilimwona mama akisukuma watu ili apite. Nikakimbia.

Nilisimama kati ya baba na fimbo nikasema kwa Kiingereza. Sikukipanga, kilitoka chenyewe. Nilimwambia afisa kwamba baba yangu hajanywa pombe, kwamba ni mgonjwa, kwamba nimempa dawa ya hospitali na nimeizidisha, na kwamba asipofika hospitali leo anaweza kufa.

Afisa aliinuka. Alimkaribia baba, akainusa pumzi yake, kisha akamwinua kidevu na kumtazama machoni. Macho yalikuwa meusi yote, mboni imemeza kila kitu. Akamgusa paji la uso na kuondoa mkono haraka.

"Huyu hajalewa," alimwambia Kaburu. "Una gari?"

Kaburu alinitazama. Nilidhani atanipiga. Badala yake alitema mate chini, akaenda kuwasha lori.

Sikumbuki safari ile kwa mpangilio. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na barabara ilikuwa utelezi mtupu. Tulikuwa nyuma ya lori, mimi na wanaume wawili wa shamba, tukimlalia baba ili asiruke. Mwili wake ulichoma kupitia shati. Moyo wake ulikuwa unapiga kasi kama wa kuku aliyeshikwa. Hakunijua. Alinisihi, akiniita kwa jina la dada yake, niwafungulie maksai maji. Karibu na kijito lori lilizama tope. Kaburu alishuka mwenyewe, akakata matawi, akayatia chini ya magurudumu, akarudi kwenye usukani akitukana kwa lugha yake, na mmoja wa wanaume akashuka kusukuma. Tulipotoka hapo nilikuwa nimeacha kuomba kwa maneno. Nilikuwa nasema tu, nane, nane, nane.

Hospitalini dresa alimwona baba na hakuuliza chochote. Walimweka kwenye chumba kilichozibwa madirisha kwa blanketi, wakamfunika shuka lenye maji, wakamfunga mikono kwa vitambaa laini. Daktari alimpitishia mpira wa kutoa mkojo, kwa sababu ulikuwa umefunga. Kisha akaniuliza nimempa matone mangapi.

"Kumi na moja."

Alitikisa kichwa. "Kumi na moja hayafanyi hivi kwa mtu aliyezoea manane. Je, alikunywa kwenye chupa?"

"Chupa ilikuwa kwangu."

Dresa aliniangalia. Niliona kwamba haniamini. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda siku nzima nikijaribu kukumbuka kama nilihesabu vibaya, kama mkono wangu mwenyewe ulitetemeka.

Mama alifika siku iliyofuata mchana, kwa miguu, matope hadi magotini. Alimtazama baba, ambaye alikuwa bado anapapasa shuka lakini kwa nguvu kidogo. Nikamwambia swali la daktari. Akaketi chini taratibu.

"Nilimpa alfajiri," alisema. "Kabla ya kwenda kukamua. Nilitoa chupa kwenye kikapu chako, ulikuwa umelala, sikutaka kukuamsha, nikairudisha. Nane. Nilihesabu vizuri."

"Mimi nilimpa saa mbili."

Tulitazamana. Nane na kumi na moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyelia. Mama aliuliza, "Baba yako hakukuambia kwamba ameshakunywa?"

"Hakuniambia."

Jumamosi asubuhi baba aliomba maji, akaniita kwa jina langu. Macho yalikuwa yamerudi kuwa na rangi. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza tena kusokota, na nilifurahi kuuona. Nilingoja mama aende kutafuta uji ndipo nikamuuliza.

"Baba, ulijua mama alikupa?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungemwaga ile yako."

"Ungekufa."

"Nilitembea?" akauliza. "Mimi sikumbuki. Nilifika mezani?"

"Ulifika. Ulitembea vizuri."

Akafumba macho. Sikuweza kumsamehe siku ile, na sikuweza kumkasirikia pia, kwa sababu matatu yale yalikuwa yangu.

Tuliporudi shambani, tulidhani tutakuta vitu vyetu nje. Havikuwa nje. Karani alituambia kilichotokea. Kaburu alitaka karatasi ya baba ichanwe, na afisa alikataa. Dole limewekwa, alisema, mbele yangu na mbele yako, kabla mzee hajasema neno lolote la wazimu. Kama hukumtaka ungesema kabla ya wino. Sijui kama afisa alifanya hivyo kwa huruma au kwa kupenda sheria zake. Kaburu alikasirika wiki nzima. Halafu alimweka baba kulinda ndama kwenye banda lao, kazi ya kukaa, na hakutaja tena habari ya hospitali. Mara moja tu, akipita, aliniuliza, "Leo wewe natia ngapi?" Nikasema sita. Akaenda zake. Daktari alikuwa amepunguza.

Mkataba ulipoisha hatukuandikwa tena. Tulishuka bondeni na ng'ombe wanne kati ya tisa, wengine tuliwagawia ndugu waliobaki mashambani watutunzie. Mama alikuwa ameshavuna mara mbili zaidi. Baada ya miaka michache hospitali ilianza kutoa vidonge vidogo vyeupe badala ya matone, na vilimfaa zaidi, ingawa mdomo uliendelea kukauka. Mimi na mama tuliweka desturi moja kwa siku nilizokuwa nyumbani: yeyote anayempa dawa anamwita mwenzake aone, hata kama yuko shambani, hata kama mvua inanyesha. Baba alituona kama tunamsumbua.

Aliishi hivyo miaka sita bondeni. Mwishoni hakuweza kumeza sawasawa, na homa ya mapafu ikamchukua wakati wa mvua za masika. Kabla ya hapo, siku zake njema, aliketi nje na wajukuu wakamletea mawe madogo ya mtoni ayapange kama maksai, wawili wawili, na yeye akayapa majina kwa ile sauti ndogo. Walimsikia vizuri. Walikuwa wameketi karibu.